Kongamano liko Kasapa, Katuba nao wasikie

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pale Kasapa, kinapokea wageni wengi. Wanashuka uwanja wa ndege wa Luano wataalamu wa haki za binadamu, wasanii, mabalozi, watafiti wa kobalti, wanahistoria wa ukoloni. Wanakaa siku mbili tatu, wanasoma mada zao, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi makwao. Sisi tunafurahia ujio wao. Waje, na waje wengi zaidi. Mji uliojengwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya kuuzwa ng'ambo umekuwa ndani ya mambo ya dunia tangu siku yake ya kwanza.

Lakini tuna dai, na tunalitoa bila kuzunguka. Mikutano hii izungumze Kiswahili, na milango yake iwe wazi kwa watu wa komini za Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Kamalondo. Anayejadiliwa awepo, na aelewe kinachosemwa juu yake.

Aliyewahi kuhudhuria anajua sura ya mikutano hiyo. Bango la Kifaransa juu ya jukwaa, meza ndefu yenye chupa za maji. Safu za mbele zimewekwa kwa ajili ya mawaziri wa mkoa, wakuu wa vitivo na wawakilishi wa balozi. Nyuma yao walimu. Nyuma kabisa wanafunzi wameegemea ukuta. Mlangoni yupo kijana mwenye orodha ya majina. Asiyekuwemo hafukuzwi, anaambiwa asubiri kidogo, na kidogo hicho hakina mwisho. Ndani, mtaalamu anaeleza maisha ya wachimbaji wadogo kwa majedwali na ramani. Ukifika wakati wa maswali, watatu wanauliza na muda umekwisha. Kisha watu wanatoka uani kula, na hapo unasikia jambo la kutia uchungu: walimu wale wale na wanafunzi wale wale wanaendelea na mjadala ule ule kwa Kiswahili, kwa uhuru na ukali ambao haukuwepo ukumbini. Mjadala wenyewe unafanyika uani, na hakuna anayeuandika.

Tuchukue mfano wa mkojo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo hiki, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walichapisha utafiti wa mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakubwa kwa watoto. Waliona kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti mwilini kwa kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida mahali pengine. Mwaka 2018 ukafuata utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto ndio waliokutwa na kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health likachapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile: hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini.

Hii ni kazi ya kishujaa ya kisayansi, imefanywa na watu wetu katika maabara zisizo na vifaa vya kutosha, na dunia inaitegemea kila inapozungumzia betri za magari ya umeme. Tunaiheshimu kwa moyo wote. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu sayansi ya dunia ndivyo inavyosomwa siku hizi, na katika makongamano inaelezwa kwa Kifaransa. Sasa mfikirie mama aliyepeleka kikopo cha mkojo wa mwanawe. Ni makongamano mangapi juu ya kobalti ambamo yeye angeweza kuketi, akasikiliza, akaelewa, akainua mkono na kuuliza? Maswali anayo. Anataka kujua kama amwage maji sakafuni kabla ya kufagia ili vumbi lisipande. Anataka kujua kama mume wake avue nguo za mgodini nje kabla ya kumbeba mtoto, na kama mboga za bustani iliyo kando ya kiwanda zinaliwa au haziliwi. Hayo si maswali madogo. Kwa nyumba yake ndiyo kongamano zima.

Tunajibiwa kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi. Ni kweli, katiba ya 2006 inasema hivyo katika ibara yake ya kwanza. Ibara hiyo hiyo inakitaja Kiswahili, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, kuwa lugha za taifa, na inailazimu serikali kuziendeleza bila ubaguzi. Ibara ya 142 inakwenda mbali zaidi: sheria mpya zisambazwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku sitini tangu zitiwe saini. Nani amewahi kuiona Sheria ya Madini ya 2018 imebandikwa kwa Kiswahili kwenye ofisi ya komini yake? Kitivo cha sheria kinachoandaa kongamano la haki za binadamu bila neno moja la Kiswahili kinaipita katiba ambayo kinaifundisha.

Tunajibiwa pia kwamba wakalimani ni ghali. Jumapili yoyote, ingia kanisa la uamsho katika mtaa wowote wa mji huu. Mhubiri anasema sentensi ya Kifaransa, na kijana aliyesimama kando yake anaitoa kwa Kiswahili kabla mhubiri hajavuta pumzi, saa mbili mfululizo, kwa sauti ile ile na mikono ile ile. Wapo vijana wengi wa namna hiyo, na baadhi yao wanasoma chuoni Kasapa. Kongamano linaloweza kulipa tiketi za ndege kutoka Brussels na vyumba vya hoteli mjini haliwezi kukosa posho ya vijana wawili.

Jibu la tatu, kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo mazito, halistahili muda mrefu. Vizazi vya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, walijifunza tanuru, reli, mtambo na hatari zake zote kwa Kiswahili. Walikula matunda ya maarifa hayo, na wengine walikufa pale maarifa hayo yalipokosekana. Kiswahili cha Lubumbashi kina lafudhi yake na maneno yake, na hakina haja ya kuomba radhi kwa Unguja wala Dar es Salaam. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ulikwisha kuikubali lugha hii kuwa lugha ya kazi. Mwalimu kutoka Nairobi au Dodoma anaweza kusimama Kasapa akafundisha bila mkalimani wa Kifaransa. Kongamano la Kiswahili litakuwa la kimataifa zaidi kuliko haya tuliyoyazoea.

Zaidi ya hayo, jambo hili limekwisha kufanyika hapa, na likafanikiwa. Kuanzia mwaka 2000, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo chetu, akishirikiana na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliongoza mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi. Watafiti walikwenda majumbani, wakawasikiliza wastaafu wa Gécamines na wa reli, wajane, mafundi cherehani, wanamuziki. Watu walileta vitu vyao Makumbusho ya Taifa: vyombo vya nyumbani, picha za harusi, nguo za zamani. Wachoraji walileta michoro, na kundi la Mufwankolo, ambalo wazee wetu walilizoea redioni na baadaye kwenye televisheni, liliigiza maisha ya mji kwa Kiswahili. Wazee walikuja kujitazama wakiwa na wajukuu wao, wakamsahihisha profesa pale alipokosea tarehe au jina la mtaa. Vitabu vilitoka baadaye, kwa Kifaransa, na ni vizuri. Lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa ya wenyeji, na hicho ndicho kipimo tunachokitaka kwa kila mkutano utakaokuja.

Kabla ya hapo kulikuwa na Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji huyu alichora historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, zaidi ya mia moja, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi. Mchoraji asiye na shahada alimfundisha profesa historia, na profesa akawa na busara ya kunyamaza, kurekodi na kuandika. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yale kinasomwa katika vyuo vya dunia nzima. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana zamani kama Tropenmuseum. Mtoto wa Katuba anayetaka kuiona historia ya nchi yake kama ilivyochorwa na mtu wa mji wake atahitaji visa. Tunawaambia waandaaji wa makongamano ya sanaa: hili nalo ni suala la haki, na lijadiliwe jukwaani wageni wa Uholanzi wakiwepo.

Kwa upande wa sanaa, mji haujalala. Tangu mwaka 2008 shirika la Picha, lililoanzishwa na Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, limekuwa likiandaa tamasha la kimataifa la sanaa ambalo leo linajulikana kama Biennale de Lubumbashi. Baloji alisoma chuoni hapa, na picha zake za magofu ya Gécamines, zilizounganishwa na picha za kale za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, zimeoneshwa katika miji mikubwa ya dunia. Mwaka 2022 tamasha hilo lilichukua mada ya sumu ya mji wenyewe: hewa, maji, udongo, pamoja na sumu ya historia. Wasanii walikuwa wanasema kwa picha na sauti yale yale ambayo Profesa Banza na wenzake walikuwa wameyapima maabara. Hapo ndipo chuo kingepaswa kusimama katikati: msanii, mpimaji na mkazi wa jirani na kiwanda katika meza moja, na Kiswahili kikiwaunganisha.

Sasa tuje kwenye haki za binadamu, kwa sababu hapa ndipo mikutano ya chuo inapokuwa myepesi kuliko inavyopaswa.

Barabara ya Kasapa inakwenda chuoni, na barabara hiyo hiyo inakwenda gerezani. Septemba 2020 wafungwa waliasi katika gereza kuu la Kasapa, sehemu ya wanawake ikachomwa moto, na kwa muda wa siku tatu wanawake na wasichana waliokuwa kizuizini wakabakwa mara kwa mara bila ulinzi wowote. Mashirika ya kimataifa ya haki za binadamu yaliandika ushuhuda wao. Mgeni anayekuja kuzungumzia haki za wanawake katika ukumbi wa chuo anazungumza jirani na mahali hapo. Tunataka mada hiyo iwekwe kwenye ratiba, na waliopona waalikwe wakitaka kusema, kwa lugha wanayoilia.

Na chuo chenyewe kina deni lake. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache tu baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, watu wenye silaha waliingia mabwenini. Umeme ulikatwa. Wanafunzi walishambuliwa gizani, wakatenganishwa kwa asili zao, wakapigwa na kuuawa. Serikali ya wakati ule ilikiri kifo cha mtu mmoja. Wengine walihesabu makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano wa nchi mbili ukavunjika. Baadaye ilifanyika kesi, gavana wa mkoa wa siku zile akahukumiwa. Hata hivyo, hadi leo hakuna idadi ya waliokufa iliyokubaliwa na wote.

Wale waliokuwa na umri wa miaka ishirini usiku ule wamekaribia miaka sitini. Wengine ni walimu, mawakili, wachungaji, wazazi wa wanafunzi wa sasa. Kumbukumbu zao zinakwenda makaburini nao. Chuo kinachoweza kuandaa mkutano juu ya mauaji ya Rwanda au Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na kinafanya vema kuandaa, kinaweza kuandaa mkutano juu ya mabweni yake. Kiwaite walioshuhudia, na familia ambazo watoto wao hawakurudi, kutoka Mbandaka hadi Kananga. Kiwape nafasi ya kusema kwa lugha watakayo, kirekodi, na rekodi ziwekwe maktabani mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuzisikiliza. Mji huu umewahi kuachwa na damu isiyohesabiwa sawasawa: wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kupigwa risasi uwanjani Desemba 1941 nao wana hesabu mbili, ya serikali ya kikoloni na ya wafiwa. Tusiache ya 1990 nayo ibaki hivyo kwa uzembe wetu.

Tarehe 10 Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alizungumza na wanafunzi wa chuo hiki. Siku mbili kabla, mjini Kinshasa, alikuwa ameeleza majuto yake makubwa kwa majeraha ya ukoloni. Mwisho wa mwezi huo huo jino la Patrice Lumumba lililetwa Shilatembo, nje ya mji, karibu na mahali alipouawa tarehe 17 Januari 1961. Katika mwezi mmoja Lubumbashi ilikuwa meza ya dunia ya kujadili ukoloni na fidia. Mfalme alisikilizwa na walioingia kwa mwaliko. Watu wengi walijipanga kulipokea jino, na hao hawakuhitaji kadi. Tunataka mikutano ya chuo ifanane na siku ya jino.

Mambo ya dunia yanaendelea kutufuata hata tusipoyaita. Marekani na Umoja wa Ulaya wanatia fedha katika reli ya Lobito ili shaba na kobalti zipite Angola kwenda Atlantiki. Makampuni ya China yanamiliki sehemu kubwa ya migodi. Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Novemba 2025 maji machafu kutoka bwawa la kampuni ya madini yalimwagika katika mitaa ya komini ya Annexe, na waziri wa madini akasimamisha kazi za kampuni hiyo. Waliokanyaga maji yale kwenda shule na sokoni walihitaji mtu wa kuwaambia siku ile ile kuna nini ndani yake. Wataalamu wa kujibu wapo Kasapa. Kinachokosekana ni desturi ya chuo kutoka nje na kusema na mji kwa haraka, kwa lugha ya mji, bila kungoja bango na kamati ya maandalizi.

Kwa hiyo madai yetu hayana gharama kubwa. Kila kongamano la kimataifa liwe na kikao kimoja angalau kinachoendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na tafsiri iwafuate wageni badala ya kuwafuata wenyeji. Kikao kimoja kifanyike nje ya kampasi, katika ukumbi wa parokia, shule au ofisi ya komini, saa za jioni watu wakiwa wametoka kazini. Muhtasari wa kurasa mbili za Kiswahili ubaki, na usomwe redioni, maana redio inafika Kenya na Kisanga ambako majarida hayafiki. Nakala ya kila kitu kilichoandikwa juu yetu iwekwe maktabani hapa. Mtafiti wa kigeni asiyekubali masharti haya anaweza kwenda kufanyia mkutano wake mji mwingine.

Wapo wenzetu walimu watakaosema tunataka kushusha hadhi ya chuo. Tunawaheshimu, na tunawakatalia. V. Y. Mudimbe, aliyefundisha hapa katika miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2025 ughaibuni, alitumia maisha yake kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema Afrika ni nini, na kwa maarifa ya nani. Swali hilo lilikomaa katika vyumba vya Kasapa. Kuliheshimu ni kumpa kipaza sauti mzee wa Katuba na kumwacha amalize.

Tunamwomba rekta atangaze kwamba tarehe 11 Mei ijayo chuo kitafungua milango yake kwa mji mzima, kwa kikao cha ushuhuda wa mwaka 1990 kitakachoendeshwa kwa Kiswahili. Na ninyi waandaaji wa kongamano lijalo, mnapoandika bajeti, andikeni mstari wa mkalimani kabla ya mstari wa chakula.